Siku Tuliyoambiwa Sie ni Ghali

Nimeitwa majina mengi maishani, lakini hakuna aliyewahi kuniita ghali mpaka pale kiwandani Temeke. Ilikuwa asubuhi. Tumekusanywa uwanjani, kati ya jengo la kukatia vitambaa na vyoo, wanawake kwa mamia na kofia zetu za bluu, na afisa utumishi amepanda juu ya kreti ili tumwone vizuri. Alikuwa kijana msomi, mwenye tai na sauti ya kusoma taarifa ya habari. Akaanza kwa kutuambia kampuni inatupenda sana. Hapo hapo nikajua tumekwisha, maana kwa miaka yote niliyoshona pale hakuna aliyewahi kutupenda hadharani.

"Ndugu wafanyakazi," akasema, "soko la dunia lina ushindani mkubwa. Gharama za uzalishaji hapa kwetu zimepanda, hasa gharama za nguvu kazi."

Mwanamke aliyesimama kando yangu akapaza sauti. "Nguvu kazi ndiyo nani?"

"Ndiyo nyie."

"Kwa hiyo sie ndio tumepanda?"

"Gharama yenu ndiyo imepanda, dada."

Mwanamke huyo alikuwa shoga yangu. Tulikaa cherehani kwa cherehani kwenye laini moja. Yeye akishona mikono ya mashati, mie nikipachika kola. Alikuwa mtu wa Iringa, Mlutheri, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Aliishi Ukonga, jirani na gereza, na alikuwa akisema tofauti ya geti lile na geti letu ni kwamba kule angalau wanakulisha.

Nilijitazama nikiutafuta huo ughali wangu. Chini nilikuwa na ndala. Kwenye mfuko nilikuwa na kopo lenye ugali na dagaa wa jana. Serikali ilikuwa imepandisha kima cha chini cha mshahara kidogo, na hicho kidogo, kumbe, ndicho kilichotutoa kwenye kundi la watu wa kawaida kikatuingiza kwenye anasa. Afisa akaendelea kusoma. Kampuni itahamishia shughuli zake katika nchi nyingine ya Afrika, ambako mazingira ya uwekezaji ni rafiki zaidi. Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu watu wake hawana kosa.

"Rafiki wa nani?" shoga yangu akauliza, lakini afisa alikwisha kushuka kwenye kreti.

Nyumbani kwangu ni Chamazi, nyumba ya vyumba vitatu ambayo marehemu mume wangu aliiacha bila dari. Naishi na mama yangu, aliyeletwa kutoka Newala kwa ajili ya matibabu ya macho, macho yakapona, yeye akabaki. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo mama. Kiwanda kinahama."

"Marahaba. Kinahamia wapi, Mbagala?"

"Kinahamia nchi nyingine. Wamesema sie ni ghali."

Mama akaweka kisu chini, akanitazama kuanzia juu mpaka chini kama anayenunua mbuzi. "Ghali wewe?" akasema. "Hata mahari yako walikuja kuomba tupunguze, na tukawapunguzia."

Nilicheka mpaka nikalia. Au nililia mpaka nikacheka. Siku ile sikuwa na muda wa kuchagua.

Haki ya Mungu, tulikuwa tumeambiwa mapema. Siku kiwanda kinafunguliwa alikuja kiongozi mkubwa kukata utepe. Kulikuwa na maturubai, ngoma, na soda za bure. Sie tuliokuwa tumeajiriwa tuliketi mbele tukiwa tumevaa sare mpya. Yule kiongozi akawaambia wageni kwamba nchi yetu ina bahati ya amani, ina bandari, na ina nguvu kazi ya kutosha na ya bei nafuu. Tukapiga makofi. Mie nilipiga mpaka viganja vikawasha. Sikufikiri hata mara moja kwamba bei nafuu alikuwa ananisema mie. Nilidhani anasema mashati.

Wala hakuna aliyejiuliza kiwanda kizima, na mashine zake zilizokwisha kuchubuka rangi, kilikuwa kimetoka wapi, na huko kilikotoka kilimwacha nani akilia. Kazi zilikuwa zimetuangukia, nasi tuliamini zimeanguka kutoka mbinguni.

Aliyejaribu kunifumbua macho alikuwa meneja mwenyewe. Alikuwa ametoka Asia pamoja na zile mashine, mzee mwembamba, mpole kwa siku za kawaida na moto wa kuotea mbali wiki ya kupakia kontena. Kiswahili alijifunzia kwetu, kwa hiyo alijua kukemea vizuri kuliko kusalimia. Siku moja umeme ulikatika na jenereta likagoma. Akaja akaketi kwenye benchi karibu na cherehani yangu, akachukua kola niliyoimaliza, akaigeuza geuza.

"Dada yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi hii," akasema. "Kampuni hii hii. Kwetu."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Walimwacha. Kiwanda kilihama kwetu kikaenda nchi jirani, halafu kikaja hapa."

"Kisa?"

"Walikuwa ghali."

Nilimwonea huruma yule dada, lakini huruma yangu ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Nikauliza kwa mzaha, "Ghali vipi? Alikuwa anavaa dhahabu?"

Meneja hakucheka. "Alikuwa anakula mara tatu kwa siku," akasema, "na alitaka watoto wake wasome. Wenye maduka Ulaya wanataka shati lishuke bei kila mwaka. Kitambaa hakishuki. Meli haishuki. Umeme haushuki. Anashuka nani?"

Umeme ukarudi, akasimama, akaanza kupiga kelele za "haraka, haraka, akina mama!" kama kawaida yake. Nilirudi kwenye kola zangu. Maneno yake yalinikaa kichwani kidogo, kisha tageti, ile idadi ya kola za siku, ikayafukuza.

Mashati yenyewe yalikuwa ya kwenda nje. Hapa mjini hayakuuzwa hata moja. Lililoharibika lilikatwakatwa mbele ya mlinzi ili lisije likamvalisha Mtanzania kwa bahati mbaya. Basi Jumamosi moja shoga yangu alikwenda Manzese kutafuta nguo za mumewe kwenye mitumba. Akiwa anapekua rundo, mkono wake ukagusa shati, na kabla hajalitazama, anasema, mkono ukalitambua. Akatazama lebo. Limetengenezwa Tanzania. Shati letu lilikuwa limepanda meli, limekwenda Ulaya, limevaliwa, limechokwa, limepakiwa kwenye belo, limerudi nyumbani.

"Hili ni la kwetu," akamwambia muuzaji. "Tumelishona sie, Temeke."

Muuzaji akamcheka. "Sista, acha utani. Hii ni Ulaya kabisa. Tazama ushonaji wake! Wabongo wanaweza kushona hivi?"

Shoga yangu alimwonyesha lebo. Jamaa akaisoma, akafikiri, akasema kwamba hawa wazungu siku hizi wanafoji lebo. Alilinunua. Jumatatu alikuja nalo akalivaa juu ya sare, mpaka msimamizi akamwamuru alivue. Kola ilikuwa yangu. Ilikuwa imesimama wima vilevile, baada ya safari yote ile.

Nimekwenda mbali. Turudi kwenye kuhama.

Wiki chache baada ya lile tangazo, afisa utumishi akaniita ofisini. Ofisi ilikuwa na kiyoyozi, na mtu wa laini akiitwa kule alikuwa akitetemeka kwa sababu zaidi ya moja. Akanikaribisha kiti. Akaniita mama badala ya dada, nikazidi kuogopa.

"Mama, umeteuliwa," akasema.

"Kubaki?"

"Hapana. Kufundisha. Kuna wageni wanakuja kutoka kule tunakohamia. Kola ndiyo sehemu ngumu, na meneja amesema hakuna anayepachika kola kama wewe. Ni heshima kubwa."

"Nawafundisha kazi yangu ili waichukue?"

Akarekebisha tai. "Tuseme unashiriki uzoefu."

Nilitoka nikakuta laini nzima imenyamaza, maana habari kiwandani ilikuwa inatangulia kabla ya mwenye habari. Wakati wa chakula tukakusanyika chini ya bati la kuegeshea baiskeli. Shoga yangu, naye akiwa ameteuliwa kufundisha mikono, ndiye aliyeshika mkutano.

"Rahisi," akasema. "Wafundisheni vibaya. Mie wangu nitamwonyesha mkono wa kushoto upachikwe kulia. Wakifika kwao washone mashati ya pweza."

Wanawake wakacheka. Wengine wakaunga mkono kwa dhati. Mwingine akapendekeza tusizungumze nao kabisa. Mie nilisema ndiyo kwa kila kitu, kwa sababu nilikuwa na hasira na hasira haichagui ajenda.

Wakaja. Sijui nilitarajia nini. Pengine wanawake wenye pembe, au wenye mikono sita, kwa jinsi walivyosifiwa kwamba wanafanya kazi nyingi kwa malipo kidogo. Waliteremka kwenye gari la kampuni wanawake wachache waliochoka na safari, wamevaa sweta katika joto la Dar, kila mmoja amekumbatia mkoba wake kama kuku. Nikapewa mmoja, mtu mzima wa rika langu, ana mwanya kama wangu. Kiswahili hajui. Kiingereza chake na changu, ukivijumlisha, havimfikii mtoto wa darasa la nne, lakini kwenye kushona hakuna maneno mengi. Ni mkono na macho.

Siku ya kwanza nilimwonyesha vibaya. Kupachika kola kuna siri moja tu: kitambaa cha shingo hakivutwi, kinasindikizwa. Ukikivuta, kola inakunjana na shati linaonekana kama lina mtu aliyenyongwa ndani yake. Nikamwonyesha avute. Akavuta. Akaitazama ile kola iliyokunjana, akanitazama, akaifumua. Akarudia. Ikakunjana tena. Jasho likamtoka, akalivua lile sweta. Hakulalamika. Aliendelea kunitazama kwa macho ya mtu anayedhani kosa ni lake.

Msimamizi waliyekuja naye, mwanamume wa huko kwao, akapita. Akaiokota kola, akamfokea mbele ya watu. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Sauti ile ningeitambua kwa lugha yoyote. Shoga yangu akanikonyeza, kana kwamba tumefunga goli.

Wageni walipopumzika, yule mwanamke akanionyesha picha kwenye simu yake. Watoto wawili na bibi kizee wamesimama mbele ya nyumba ya bati, nyumba isiyo na dari bila shaka. Akaniuliza kwa vidole na kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, pale napata kiasi gani kwa mwezi. Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa mkono. Akaniuliza tena, akidhani amesikia vibaya. Nikarudia. Basi akanitazama kwa heshima, kwa heshima ya kweli kabisa, kama mtu aliyeketishwa kando ya tajiri. Maisha yangu yote sijawahi kutazamwa vile, na sikuwa hata na mtu wa kumsimulia, maana nani angeamini?

"Na wewe?" nikamuuliza.

Akaniambia. Nikaziba mdomo mie.

Kumbe hiyo ndiyo siri yote ya soko la dunia, ile ambayo afisa utumishi alihitaji kreti, tai na karatasi kuieleza. Kuna wakati mwanamke mmoja ana njaa kidogo kuliko mwingine, na kuna watu wenye ndege wanaozunguka dunia wakiwatafuta wenye njaa zaidi. Huyu mgeni hakuniibia chochote. Alikuwa ameteremshwa kwenye gari na kuambiwa akae pale, kama nilivyowahi kuambiwa mie.

Kesho yake nilimfundisha sawasawa. Nilishika mkono wake wa kushoto nikauweka chini ya wangu, tukakisindikiza kitambaa pamoja, taratibu, mpaka kola ikageuka kona bila mkunjo. Akacheka kwa sauti. Akashona ya pili peke yake. Ya tatu ikatoka nzuri kiasi kwamba nilihisi fahari, halafu nikajihisi mjinga kwa ile fahari.

Shoga yangu aliona yote. Jioni akanivizia getini.

"Umemfundisha."

"Nimemfundisha."

"Tulikubaliana."

"Akikosea, anafokewa yeye. Mwenye kampuni hata hatajua kuna kola imekunjana. Tutakuwa tumemkomoa nani?"

"Mie sijui tumemkomoa nani," akasema. "Najua wewe umewasaidia. Tangu lini umekuwa mtu wa ofisini?"

Akapanda daladala ya Ukonga bila kuniaga. Tangu siku ile tulikaa cherehani kwa cherehani kama watu wa nchi mbili zilizofunga balozi. Nilikuwa nikimsikia akiimba kwaya zake kwa makusudi, kwa sauti ya juu, ili nisipate nafasi ya kusema neno.

Jumapili nilimwalika mgeni wangu Chamazi. Kampuni iliwaweka kwenye hosteli moja huko Temeke, wakilishwa maharage mpaka wakasahau vyakula vingine. Nilimfuata mwenyewe. Siku hiyo kulikuwa na mechi, na barabara ya kwetu ilijaa watu wa jezi wakielekea uwanjani wakipiga mavuvuzela. Akadhani ni maandamano ya wafanyakazi. Nilijaribu kumweleza kwamba sie huwa tunaandamana kwa ajili ya mpira tu, lakini Kiingereza hakikufika huko.

Mama alikuwa amepika wali wa nazi, kisamvu na samaki wa kukaanga. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye mkeka mzuri, kisha akanigeukia.

"Ndiye huyu anayekunyang'anya kazi?"

"Ndiye, mama. Usiseme kwa sauti."

"Si umesema hajui Kiswahili?" Akamtabasamia mgeni vizuri kabisa. "Mbona kakonda hivi? Huyu ndiye mshindani? Kula mwanangu, kula." Akamwekea kipande cha samaki kikubwa kuliko vyote, kile cha katikati ambacho mie niliona tangu sokoni kwamba ni changu.

Mgeni alikula mpaka akafumba macho. Alipomaliza alitoa kitambaa cha kichwa kwenye mkoba wake, cha kusukwa kwa mkono, chenye ukingo mwekundu, akamfunga mama kichwani. Mama akaenda kujitazama kwenye kioo, akarudi akiwa mtu mwingine. Wakakaa wawili wale wakizungumza mchana kutwa, mama kwa Kimakonde, mgeni kwa lugha yake, wakielewana kuliko mie na afisa utumishi tulivyowahi kuelewana kwa Kiswahili fasaha. Alipoondoka mama akasema, "Basi kama ni lazima kazi ichukuliwe, bora achukue huyu." Nilitaka kumwambia si yeye anayeamua. Nikaona nimwache afurahi.

Wageni wakarudi kwao. Ndipo likaja suala la kufungasha, na hapo kampuni ikakumbuka kwamba sie ni wachapakazi. Tukaombwa tufanye vibarua vya kufunga mashine. Nilikuwa na hiari ya kukataa, lakini mtu anayekaribia kukosa kazi ana hiari nyembamba sana. Nikaifunga cherehani yangu mwenyewe kwa plastiki tabaka juu ya tabaka, nikaizungushia sponji, nikaandika juu yake kwamba ishughulikiwe kwa uangalifu. Katika miaka yangu pale sikuwahi kushughulikiwa kwa uangalifu namna hiyo. Mashine ilikatiwa hata bima ya safari.

Sherehe ya kutuaga ilikuwa palepale uwanjani. Kulikuwa na keki iliyochorwa shati, na afisa utumishi juu ya kreti lake, safari hii akitabasamu zaidi kwa sababu yeye alikuwa amepata kazi benki. Stahiki zetu tulipewa, sitadanganya. Kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa sheria, na hilo ndilo lililonichoma, kwamba hapakuwa na mtu wa kumshitaki. Kila mmoja akapewa cheti cha shukrani na fulana nyeupe yenye maandishi kifuani: Pamoja Tumejenga Familia. Shoga yangu, ambaye bado alikuwa amenuna, akaigeuza yake ndani nje kwa mazoea ya kazi, akatazama mshono, akatazama lebo. Akaisoma tena.

Halafu akanijia, kwa mara ya kwanza baada ya majuma.

"Soma hapa."

Nikasoma. Fulana ya kutuaga sie washonaji ilikuwa imeshonwa nchi nyingine, wala si ile waliyokuwa wanahamia. Nyingine kabisa, ya mbali zaidi. Kampuni ya mashati ilikuwa imetafuta mahali pa bei nafuu zaidi ya pote pa kushonea shukrani zake.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, mie nikafuata, tukacheka mpaka tukashikana mabega, mpaka watu wakadhani tumepagawa. Meneja akaja kuuliza kuna nini. Shoga yangu akamwonyesha lebo. Yule mzee akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mshono mbaya pia," akasema.

"Nawe unahama na mashine?" nikamuuliza.

"Mimi hapana. Wamepata meneja kijana wa kulekule. Mimi narudi kwa dada." Akanyoosha mkono, tukapeana. "Nimekuwa ghali," akasema, na safari hii ndiye aliyecheka, cheko fupi la mtu anayejaribu kiatu kipya.

Jengo lenyewe bado lipo. Kuna kiongozi alikuja akasema mwekezaji mpya yuko njiani, na kwa muda wote uliopita yule mwekezaji bado yuko njiani. Sijui anakuja kwa miguu. Sasa hivi jengo ni ghala la viti vya plastiki kutoka nje. Nilipita siku moja nikachungulia. Viti vimepangwa mpaka juu, vingi vya kuwatosha wanawake wote wa laini zetu zote, na hakuna aliyeketi.

Shoga yangu alijaribu kwanza kuuza maandazi Ukonga, lakini alikuwa akigombana na wateja. Mwishowe akanijia Chamazi na cherehani yake ya miguu juu ya bajaji. Tukafungua fremu ya duka karibu na barabara ya kwenda uwanja wa mpira. Wazo letu la kwanza lilikuwa jezi. Tulishona jezi nzuri, zenye kola zilizosimama, zenye mikono iliyopachikwa upande wake. Siku ya mechi tukazitundika nje. Watu wakazishika, wakazisifia, wakauliza bei, wakaenda kununua za vijana waliozipanga chini, zilizotoka nje ya nchi, zinazochujuka kabla ya kipindi cha pili. Kaka mmoja alituambia kwa upole, "Akina mama, kazi yenu nzuri, ila nyie mko juu sana."

"Tumezoea," shoga yangu akamjibu.

Siku hizi tunashona sare za shule na magauni ya harusi, vitu ambavyo lazima mtu aje kupimwa, kwa sababu bado hawajagundua namna ya kumpima bibi harusi wa Chamazi akiwa ng'ambo. Wakigundua, tutaambiwa.

Mwezi uliopita simu yangu iliita, ile ya kuonana sura. Alikuwa mgeni wangu, yuko laini yake huko kwao, nyuma yake naona mashine zetu, nazijua kwa michubuko. Wamemfanya kiongozi wa kola. Amepata tatizo: kampuni imeleta kitambaa chembamba, cha bei rahisi zaidi, na kola zinakunjana hata akisindikiza. Akanionyesha karibu na kamera. Nikaanza kumweleza kwa vidole, ashushe mkazo wa uzi, apunguze mwendo. Hakunielewa. Picha ikakatika, ikarudi.

Shoga yangu alikuwa anakata kitambaa. Nilimwona anajizuia. Akakata kidogo, akatazama simu, akakata tena. Mwishowe akatupa mkasi mezani.

"Hebu lete hapa, unamchanganya," akasema, akaninyang'anya simu. "Wewe! Eeh, wewe! Sindano. Badilisha sindano, weka nyembamba. Hii, unaiona? Nyembamba!" Akachomoa sindano ya cherehani yake akaisogeza kwenye kamera mpaka nikaogopa atatoboa kioo. "Sasa shona nikuone."

Mgeni akabadilisha, akashona. Tulisubiri wote wawili tumeinama juu ya kile kisimu, na kwenye mlango mteja amesimama na sare ya mwanawe mkononi, anauliza kama kuna mtu wa kumhudumia.

"Ngoja kwanza, dada," shoga yangu akamwambia bila kugeuka. "Tuko kazini."